Jirani wa Chini na Wiki Yake ya Kondoo

Jirani yangu wa chini hakuwa mtu wa kupendeka. Ninasema hilo mapema, kwa sababu kila ninapomtaja, watu wanataka niwape mzee mpole, mwenye kucheka na kubariki watoto. Huyo simjui. Wa kwangu alikuwa mkali na mbishi, na alikuwa na namna ya kunyamaza mbele ya mgeni mpaka mgeni mwenyewe aanze kutafuta viatu vyake.

Tuliishi Iroquois, mtaa wa kusini mwa Louisville, Amerika, katika majengo ya matofali mekundu. Yeye alikaa chini pamoja na mwanawe na mkwewe, mimi nilikaa juu na watoto wangu wawili. Umri wake siujui. Karatasi zake zilisema alizaliwa tarehe mosi Januari, kama za nusu ya kanisa letu, maana kambini asiyejua tarehe yake aliandikiwa hiyo. Nilimfahamu miaka minne, katika miji mitatu, na zaidi ya nusu ya muda huo nilikuwa nikimdanganya.

Alitoka milima ya Kivu ya Kusini, Kongo, kule juu tunakokuita Haut Plateau, na alitembea kama watu wa kule: fimbo imelala juu ya mabega, mikono miwili imening'inizwa juu yake. Siku moja tulikwenda dukani Highview, na mlinzi akamwonyesha kwa kidole kwamba fimbo ibaki nje. Mzee aliiegemeza ukutani, kisha akachuchumaa kando yake. Alikaa hapo saa nzima, kwenye baridi, kama mtu anayemsubiri mwenzake atoke kwa daktari. Tulipotoka na mifuko yetu akasema, "Bon, haya. Mumemaliza?" Hakuingia tena duka lolote.

Maziwa ya dukani aliyadharau. Nikimletea, alifungua kifuniko, akanusa, akafunga. "Hii ni maji walisafishia ndoo," alisema. Kisha alikunywa yote.

Kanisani alikuwa na kiti cha mbele, lakini sikumwona akiimba. Pasta alipohubiri juu ya mchungaji mwema, mzee alitikisa kichwa mahubiri yote, na ibada ilipokwisha alimfuata mpaka kwenye gari. "Pasta, ulichunga kondoo lini?" Pasta akakiri kwamba hajawahi. "Inaonekana," akasema mzee, akaenda zake.

Alipofika Amerika walimpeleka kwenye kiwanda cha nyama. Miaka miwili alisimama amevaa koti jeupe na buti za mpira, akichonga mafuta kwenye mapande yaliyopita mbele yake yakining'inia, mpaka kiwiko chake kikakataa kunyooka na kazi ikaisha. Nilimuuliza aliwezaje, yeye ambaye mwanawe alisema kule nyumbani aliamka kuwasalimia ng'ombe kabla ya kumsalimia mama yao.

"Ile haikuwa ng'ombe," alinijibu. "Ng'ombe iko na jina."

Kwa watoto wangu hakuwa na neno tamu. Neema alikuwa na miaka minane, Elia sita. Walimjibu kwa Kiingereza, naye akawajibu kwa lugha ya milimani, na hakuna upande uliokubali kushuka. Hata hivyo, kila siku basi la shule liliposimama, alikuwa pale barabarani. Aliwagusa kichwani mmoja mmoja wakishuka, akihesabu, kisha akawatanguliza mpaka mlangoni. Alikagua masikio yao kama mtu anavyokagua ya ndama. Mara mbili aliniambia Elia ana homa kabla mimi mama yake sijajua, na mara zote mbili alikuwa sawa.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa habari hii, kwa hiyo niseme wazi. Mume wangu alikuwa bado katika kambi ya wakimbizi Afrika, karatasi zake za safari hazijaisha. Mimi nilipanga vifurushi kwenye ghala, shifti ya alfajiri hadi saa tisa na nusu mchana, na basi la shule lilifika kabla yangu. Bila mzee yule kusimama pale barabarani, nisingeweza kushika kazi ile hata mwezi mmoja. Nilimhitaji. Hakuna siku niliyomwambia.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2014, pasta alisimama na tangazo. Kulikuwa na mzungu mmoja, muumini wa kanisa lililotupatia makoti tulipofika, ambaye alifuga kondoo na ng'ombe wa nyama, mwendo wa saa moja nje ya mji. Mfanyakazi wake alikuwa ameanguka kutoka kwenye trekta na kuvunjika mguu, na kondoo wamekwisha anza kuzaa. Alitafuta watu wa kumsaidia kwa wiki moja. Vijana wetu walicheka chini chini. Hawakuvuka bahari ili warudi kukanyaga mavi.

Mzee akasimama. "Mi nitaenda. Na Mama Neema atakuja na mi, ataniongelea Kiingereza."

Hakuwa ameniuliza. Ila wiki ile ghala lilikuwa limetupumzisha, mkwewe alikubali kuwapokea watoto, na gari nilikuwa nalo. Nikaenda.

Jumatatu asubuhi tulifika kukiwa na umande mzito. Mzee alishuka kwenye gari, akainama, akang'oa majani machache, akayatafuna. Mwenye shamba alikuwa mtu mkubwa wa mwili, shingo nyekundu, viganja vipana kama sepetu. Alimnyoshea mzee mkono. Mzee alitafuna kwanza akamaliza, ndipo akaupokea.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa mikia. Mwenye shamba alimshika mwanakondoo kati ya magoti, akapanua kimpira kwa koleo, akakivisha kwenye mkia.

"Anafanya nini?" mzee aliniuliza.

"Damu haitapita. Mkia utakauka, utaanguka."

"Kwa nini? Kosa yake ni gani?"

Nilimuuliza mwenye shamba, nikarudisha jibu: nyasi za huku ni tele, kondoo wanahara, mavi yanashika mkiani, nzi wanataga hapo, na funza wanamla mnyama akiwa hai. Mzee alikwenda kwa kondoo mmoja mkubwa ambaye hakukatwa mkia, akaupandisha, akayaona mavi yaliyoganda. Kisha akarudi na kuomba koleo. Kufika saa sita alikuwa anavisha wawili mwenye shamba anapovisha mmoja.

Jumanne ilikuwa siku ya ndama. Walipigwa sindano na kuvishwa hereni za plastiki zenye namba masikioni, huku mama zao wakilia ng'ambo ya uzio. Mzee hakuzipenda zile namba. Kila ndama aliyetoka kwenye chuma cha kumbana, alimpa jina kwa sauti kufuatana na rangi yake, majina ya ng'ombe wa kwao: Bihogo, Gaju, Bihogo mwingine. Mwenye shamba akaniuliza anasema nini. Nilipomweleza alicheka, lakini baadaye nilimsikia naye akijaribu. "Gaju," alimwambia ndama mmoja, kwa mdomo mzito. Mzee akamsahihisha. Akajaribu tena.

Jumatano kondoo mmoja alishindwa kuzaa. Alikuwa amelala ubavu, anasukuma, na kilichotoka ni mkia tu. Mwenye shamba alijaribu kuingiza mkono, haukupita, akatukana kwa sauti ya chini. Mzee alivua koti. Sikuwahi kumwona bila koti lile. Mikono yake ilikuwa myembamba kama ya msichana. Akaiosha kwa sabuni mpaka viwikoni, akapiga magoti kwenye majani makavu, akafumba macho. Kiwiko kile kibovu kilimtoa machozi, naye hakuacha. Alirudisha kile kitoto ndani, akatafuta mguu wa nyuma mmoja, akaukunja, akauleta, akatafuta wa pili. Wote wawili walipotoka alivuta mara moja, kuelekea chini. Mwanakondoo alianguka kama kitambaa kilicholowa. Mzee alimpangusa ute puani, akamwingiza jani kavu kwenye pua, na mwanakondoo akapiga chafya.

Mwenye shamba alikaa chini palepale, matako kwenye mbolea, akamtazama.

Jioni hiyo, tukiwa njiani kurudi, mwanawe, aliyezoea kuniita shangazi kwa Kifaransa, alinipigia simu. Mzee alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, ananuka kondoo.

"Tantine, donc, munarudi lini kabisa?"

"Jumamosi ni ya mwisho."

"Sawa. Usiache baba azoee kule. Tayari watu ya kanisa wananiuliza kama nimemtupa mzee wangu kwa ng'ombe ya wazungu. Na nani atapokea watoto? Yako, na hii yangu inakuja?"

Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimwambia nimeelewa.

Alhamisi niliona jambo ambalo bado linanisumbua. Kondoo mmoja alikuwa amefiwa na mtoto, na kulikuwa na mwanakondoo mwingine aliyefiwa na mama. Ukimpa kondoo mtoto asiye wake, humpiga kwa kichwa. Nilikuwa nimefungua mdomo nitafsiri, nikaona mwenye shamba anatoa kisu mfukoni, na mzee amekwisha nyosha mkono kukipokea. Hawakusemeshana. Walimchuna yule mwanakondoo aliyekufa pamoja, mmoja akishika, mwingine akikata, wakamvisha yule yatima ngozi kama koti, miguu minne kwenye matundu manne. Kondoo alinusa, akanusa tena, akatulia anyonywe. Wanaume wale wawili walitazamana juu ya mgongo wa mnyama yule, wakacheka kwa pamoja. Nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji, sina kazi.

Tulipokuwa tunakula mkate, mzee alinieleza bila kuulizwa. Kule milimani watu wenye bunduki walikuja mchana, jua likiwa juu. Waliwaswaga ng'ombe wake wote kuelekea bondeni. Wale wasioweza kwenda haraka waliwapiga risasi njiani, na ng'ombe mmoja mzee, aliyemlea tangu ndama, aligeuka akamwita. "Niliingia kwa majani, nikalala," alisema. "Aliniita mpaka wakamunyamazisha. Sikutoka." Kisha akakung'uta makombo magotini, akarudi kazini. Hakuligusia tena jambo hilo.

Ijumaa walihamisha uzio wa waya na kuwaswaga ng'ombe kwenye malisho mapya. Mzee aliwapigia mluzi na wakamfuata, jambo ambalo mwenye shamba alisema mbwa wake wameshindwa kulifanya miaka mitatu.

Jumamosi mchana tulinawa kwenye bomba la nje. Mwenye shamba alikuja akavua kofia.

"Mwambie," alisema, "tangu baba yangu afe sijafanya kazi na mtu kama yeye. Ile nyumba ndogo nyuma ya banda iko tupu." Aliionyesha kwa mkono, nyumba nyeupe, kibaraza, bomba la moshi. "Ina jiko, ina joto. Akitaka, aje akae hapa. Afanye kazi nami mpaka achoke, na akichoka akae tu. Familia yake ije wakati wowote. Muulize. Asijibu leo kama hataki."

Mzee alikuwa amesimama kati yetu, maji yanamdondoka vidoleni, anatazama mdomo wangu.

Akilini niliwaona watoto wangu wanashuka kwenye basi, barabara haina mtu. Nilisikia sauti ya mwanawe. Na niseme kweli yote: niliona pia kibaraza kile, nikaona wivu. Sisi wote tulikuwa tumepewa maghala na viwanda, na huyu mmoja alikuwa anarudishiwa maisha yake.

"No," nilimwambia mwenye shamba. "Familia inamhitaji. Hawezi."

Uso ulimsawijika. Alivaa kofia, akampa mzee mkono kwa muda mrefu.

"Amesema nini?" mzee aliuliza.

"Anakushukuru sana. Anasema umefanya kazi nzuri, Mungu akubariki."

Mzee aliitazama nyumba nyeupe, akanitazama mimi. "Ni vile tu alisema?"

"Ni vile tu."

"Alisema maneno mingi."

"Wazungu wanazungusha, mzee."

Aliingia kwenye gari. Njia nzima mpaka Louisville hakulala.

Mwenye shamba alinipigia simu mara mbili majira yale ya joto. Niliiacha ilie. Na mzee, kila baada ya miezi michache, katikati ya mazungumzo mengine, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ule muzungu ya kondoo, hajauliza habari yangu?" Nikajibu, "Hapana, mzee." Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na habari aliyokuwa nayo.

Mwaka uliofuata mume wangu alifika. Sasa kulikuwa na baba wa kupokea watoto wake, na sikuwa tena na sababu. Ningeweza kushuka ngazi kumi na mbili na kusema. Sikushuka. Uongo ulikuwa umeshazoea kukaa, na mimi nilikuwa nimezoea kuonekana mwema.

Kisha mwanawe alipata kazi nzuri Columbus, akapanga nyumba Hilliard, pembeni ya mji huo, yenye zulia jeupe na gereji ya magari mawili. Nilikwenda kuwatembelea mara moja. Mzee nilimkuta amekaa gerejini kwenye kiti cha plastiki, mlango mkubwa umefunguliwa, anatazama majani yaliyokatwa sawasawa mtaa mzima na hakuna mnyama wa kuyala.

"Majirani wananilalamikia," mwanawe aliniambia jikoni. "Anakaa pale siku nzima kama mulinzi. Na tena anaondoka. Anapita nyumba ya mwisho, anaenda mpaka kwa mashamba, anasimama kwa uzio ya watu. Mara mbili polisi wamemurudisha. Nifanye nini, tantine? Ananiaibisha."

Alikuwa amefunga king'ora kwenye mlango wa mbele, kilie mzee akitoka. Nilikula wali na sombe ya majani ya muhogo, nikacheza na mtoto. Wakati wa kuaga mzee aliniuliza swali lake, na mimi nikampa jibu langu.

Mwishoni mwa 2016 nilikwenda Buffalo kwa arusi ya mpwa wangu. Mzee alikuwa amehamia huko kwa binti yake, anayeuguza wazee wa watu wengine katika nyumba ya kulelea wazee. Theluji ilifika magotini. Waliishi ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, ngazi zake nyembamba na zenye barafu, na miguu ya mzee ilikuwa imevimba. Binti alisema hajashuka tangu Oktoba. Nilimkuta kwenye kiti, blanketi magotini, amekonda mpaka masikio yanaonekana makubwa. Binti aliingia jikoni kunipikia.

Tulisalimiana. Nilimpa habari za Neema na Elia. Alisikiliza. Nilingoja swali lake, lakini safari hii hakuuliza. Nikajikuta nimeanza mwenyewe.

"Mzee, kuna kitu sikukuambia. Siku ile ya mwisho, kwa kondoo…"

"Mama Neema," alinikatiza, "mi najua 'no'. Ni neno ya kwanza Amerika ilinifundisha."

Aliinua mkono, akaonyesha kama mwenye shamba alivyoonyesha siku ile.

"Nilimuona anaonyesha nyumba. Nilimuona ananionyesha mi. Nikasikia ukisema 'no'. Unafikiri mi ni mtoto?"

"Kwa nini hukusema, mzee? Miaka hii yote unaniuliza…"

"Nilikuwa nakupa nafasi." Sauti yake haikupanda. "Watoto walikuwa kidogo, bwana yako alikuwa kambini. Ile mwaka nilielewa. Nikasema, mwache, anaogopa. Kisha bwana yako akafika. Nikasema, bon, sasa atasema. Ukakuja Hilliard, ukakula, ukarudi. Hapo nikajua hutasema."

Nililia. Hakunitazama wala hakunikataza.

"Sasa sema," akasema nilipotulia. "Vile alisema. Yote."

Nikasema. Nilisema habari za baba yake aliyekufa, nyumba iliyo tupu, jiko, joto, afanye kazi mpaka achoke, na akichoka akae tu. Sikujua kwamba nilikuwa nimeyashika maneno yale namna ile, moja moja. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa barua.

"Alisema nisijibu leo kama sitaki?"

"Ndiyo."

"Mupigie. Mwambie nimekubali."

Niliitazama miguu yake. Aliona ninatazama nini.

"Nimesema mupigie."

Namba bado nilikuwa nayo. Aliyepokea ni mke wa mwenye shamba. Nilijieleza, na akanikumbuka upesi. Aliniambia mumewe amepasuliwa mgongo mwaka uliopita, hawezi tena kuinama. Kondoo wameuzwa, ng'ombe wameuzwa, na wao wamehamia mjini karibu na hospitali. Akasema kila majira ya kuchipua mumewe alimtaja yule mzee mwenye mikono midogo. Mumewe alidhani alikuwa amemkosea mzee kitu, ndiyo maana mzee akamkataa.

Mzee alikuwa anatazama mdomo wangu. Nilimtafsiria kila kitu, mgongo, ng'ombe, mji, na lile la kudhani amekosea. Sikuacha neno.

"Bon," alisema.

Binti yake alileta chakula, naye mzee akamwambia, "Mgeni ale vizuri, ametoka mbali." Kisha akakivuta kiti chake taratibu, kwa mikono, mpaka kikaelekea dirishani, ambako hapakuwa na kitu ila theluji na paa la nyumba ya pili. Nilikula peke yangu.

Kwetu mwenye nyumba humsindikiza mgeni, hata kama ni hatua mbili, hata kama miguu inauma. Anaweza kumsindikiza kwa sauti tu, akiwa amekaa. Nilisimama mlangoni nikivaa koti, kifungo kimoja baada ya kingine, polepole. Niliaga mara mbili, na mzee alibaki ameelekea dirishani. Binti yake aliona haya, akashuka nami ngazi zile za barafu, akinishika mkono.